Mwiko Mikononi mwa Mdogo Wangu

Siku nilipofunguliwa vijiti, waliokuwa uani kwetu Kalundu ni hawa: mimi mwenyewe, nimekaa juu ya mkeka, mdogo wangu anayenifuata, aliyekuwa mwaka wa sita wa sekondari, wadogo zetu wawili wa mwisho, wasichana, wamesimama mlangoni na sahani mikononi, shangazi yetu, dada ya baba, aliyefika asubuhi kutoka Kiringye na kifurushi cha unga, jirani yetu muuza makala, makaa ya kupikia, na mzee wa kuunga mifupa, aliyetoka Runingu kwa pikipiki. Wa nane alikuwa kuku. Lazima nimhesabu, maana bila yeye vijiti visingefunguliwa siku ile.

Baba na mama hawakuwepo. Walikuwa wamekwisha kufa wote wawili miaka mingi nyuma, baba kwanza, mama baada yake. Mama alipokufa nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Niliacha shule nikachukua sufuria yake. Alikuwa na malewa karibu na bandari, mahali ambapo wapagazi wanakula: banda la mabati, mabenchi mawili, jiko la mawe na sufuria moja kubwa. Mboga na samaki mtu yeyote anaweza kupika. Kazi yenyewe ni bugali. Bugali ya watu arobaini haikorogwi kwa mkono tu. Unaingiza miti miwili kwenye masikio ya sufuria, unaikanyaga kwa miguu ili isizunguke, unainama, na unasukuma mwiko mrefu kama kasia mpaka unga uive. Mkono wa kushoto unaongoza. Wa kulia ndio unaosukuma.

Nilivunja wa kulia.

Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda na kula njia ya chini, na watu walikuwa wamepanga mifuko ya mchanga ya kukanyagia. Siku hiyo kulikuwa na boti ya saruji, wapagazi hawakuweza kutoka, nami nikawapelekea chakula, beseni kichwani. Mfuko mmoja ulikuwa umeoza chini. Nilianguka juu ya kiwiko, na nilisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu. Mpagazi wa kwanza kufika alipiga kelele: "Mama malewa! Bugali iko muzima?" Halafu aliona mkono wangu ulivyoning'inia, akavua shati lake akanifungia.

Najua watu wataniuliza kwa nini sikwenda hospitali palepale. Kwetu mfupa uliovunjika bila kutoa damu unapelekwa kwa muungaji. Baba aliungwa mguu hivyo, akaendelea kuvua samaki. Mzee wa Runingu aliletwa kesho yake. Aliushika mkono wangu, akauvuta, akauzungushia majani na vijiti vya matete. Kisha akaomba kuku mchanga. Jirani yetu alitoa mmoja wa kwake, wa madoadoa. Mzee alimvunja mguu kwa vidole viwili, tap, akamfunga vijiti vidogo kama vyangu.

"Huyu mutapona pamoja," aliniambia. "Siku atatembea bila kuchechemea, mutume muntu, nitakuja kufungua. Siyo mbele, siyo nyuma."

Jirani hakuweza kujizuia. "Mzee, mkono wa muntu unauvunjia mguu wa kuku? Si ungevunja bawa?"

"Mama, weye ulishaona kuku wa Kalundu anaruka? Kazi yake iko mu mguu. Nilivunja ya kazi."

Tulicheka wote, hata mimi, machozi yakinitoka. Alituachia sharti moja: mgonjwa asimlishe kuku wake wala asimguse. Mtu mwingine wa nyumbani amtunze. Kazi hiyo alipewa mdogo wangu wa mwaka wa sita.

Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kufika mwaka wa sita. Mwisho wa mwaka ule alipaswa kufanya mtihani wa serikali, ule tunaouita egzeta, ambao ukiupita unapata diploma. Alitaka kuwa mwalimu. Nilikuwa nimejiwekea jambo moja tu: nitakoroga mpaka yeye apate hiyo diploma, halafu tutaona. Ndiyo maana niliuangalia mguu wa yule kuku kuliko nilivyouangalia mkono wangu. Malewa ilikuwa imefungwa. Akiba ya unga ilikuwa inashuka. Kama mkono ungechelewa, nilijua nani angeshika mwiko.

Basi siku ile uani kuku alitembea kutoka jikoni mpaka kwenye ndoo za maji, akarudi, bila kuchechemea. Mwezi ulikuwa haujatimia. Mzee alisema kati ya kuku wote aliowavunja huyu aliwahi mno. "Damu yenu iko na nguvu," alisema, akakata kamba. Mkono ulitoka mwembamba, mweupe kwa maganda, unanuka majani. Shangazi alipiga vigelegele. Mdogo wangu yeye alichukua ndoo akaenda kuchota maji, ingawa ndoo zote zilikuwa zimejaa. Niliona, nikadhani ni uchovu wa shule.

Siku ya tatu nilifungua malewa. Wapagazi walinipokea kwa makelele, mmoja akasema alikuwa amekonda kwa kula mikate mikavu kama mufungwa. Nilikanyaga miti, nikainama, nikasukuma. Mara ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Unga ulipoanza kukaza nilisikia kitu kikiteleza ndani ya nyama, polepole, kama mlango unaofunguka wenyewe. Mwiko ulibaki umesimama ndani ya bugali. Mimi nilikuwa chini.

Hospitalini walinipiga picha ya radio. Daktari aliiinua kwenye mwanga wa dirisha ili nami nione. Vipande viwili vya mfupa wangu wa juu ya kiwiko vilikuwa vimepishana, kila kimoja kimeelekea kwake, kama watu waliokasirikiana na kitanda ni kimoja.

"Nani alikuambia umepona?" aliniuliza.

"Kuku," nilijibu.

Hakucheka. Inaonekana sikuwa wa kwanza.

Walinipasua, wakaweka bamba la chuma na skrubu nane. Ya malipo siandiki hapa. Kanisa lilichanga, shangazi akasaidia, tukaruhusiwa kutoka bila deni hospitalini. Jambo ninalolikumbuka ni asubuhi ya baada ya upasuaji. Daktari aliniambia ninyanyue kiganja, kama mtu anayesimamisha pikipiki. Nikanyanyua. Akasema tena, "Nyanyua." Nikamwambia nimekwisha nyanyua. Akanionyesha. Kiganja kilikuwa kimelala kwenye shuka, vidole vimeangalia chini. Kichwani mwangu kilikuwa kimesimama.

Alieleza kwamba mfupa ulipoteleza siku ile ulikandamiza mshipa wa fahamu. Haukukatika. Umelala. Utaamka.

"Lini, daktari?"

"Miezi. Mingapi, siwezi kukuambia."

Nilipiga hesabu ya miezi iliyobaki mpaka egzeta. Ilikuwa mitano.

Siku ya nne, mchana, mdogo wangu alikuwa ananichana nywele. Mikono yake iliacha kuchana.

"Yaya," aliniita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "kuku alikufa."

"Kuku gani?"

"Ule wako. Wa kwanza. Alikufa siku ya tisa. Nilimukuta asubuhi amekauka."

Sikuelewa. Kuku nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akitembea.

"Ule uliona ni mwingine. Nilimutafuta soko nzima, wa madoadoa kama ule. Nilimufunga vijiti kwa mguu muzima. Niliwaza nitamuacha hivyo mwezi na nusu, ndiyo nimufungue. Akadonoa kamba, akajifungua yeye mwenyewe. Jirani alimuona anatembea, akatuma muntu kwa mzee. Niliporudi kutoka ku masomo, mzee iko mu njia."

"Na hukusema."

"Nilitaka kusema. Kwanza nilikuficha juu ya hii: ningekuambia kuku alikufa, ungesema na mkono umekufa. Halafu siku ile mzee alikata kamba, weye ukacheka. Siku nyingi ulikuwa haucheki, yaya."

Sikumtukana. Nilimnyamazia siku mbili, na kwa mtu anayekuogesha, kimya cha siku mbili ni kikubwa. Halafu niliona upumbavu wangu. Aliyekubali mfupa wake ungoje miguu ya kuku ni mimi, mtu mzima. Yeye alikuwa mtoto aliyeogopa kunivunja moyo.

Tulipofika nyumbani alisema, "Jumatatu minye nitafungua malewa."

"Na shule?"

"Shule iko. Haitakimbia."

"Egzeta haingojei muntu."

"Na wapagazi wanangojea? Kuna mama wawili wameshaweka majiko pale. Juma moja tena, mahali petu panaenda. Weye unasema nifanye je?"

Nilimkataza. Nilimkataza kwa sauti ya mama, ile ambayo kwa miaka yote ilikuwa inatosha. Lakini nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, na yeye alikuwa amepiga magoti ananifunga kitenge kiunoni. Alikaza fundo, akainuka, akasema, "Sawa, yaya, nimesikia," na Jumatatu akaenda kupika.

Kuanzia hapo siku zangu zilikuwa za kukaa. Nilikuwa sijawahi kukaa. Nilikula kwa mkono wa kushoto, na mgeni akija niliweka sahani chini nikajifanya nimeshiba. Sikuweza kukamua nguo, kufunga kifungo, kumenya muhogo, kujisuka. Mambo ya mwanamke ya kila mwezi alinisaidia yeye, akiwa ameangalia ukutani ili nisione aibu. Mara mbili kwa juma nilipanda kwa mtu wa kine, yule wa mazoezi wa hospitali. Alinifungia ubao mdogo chini ya kiganja kisianguke, akanifundisha kukinyanyua kwa mkono mwingine mara mia kwa siku, na kila mara kuufikiria ule mkono wenyewe ukinyanyuka. Nilimwuliza kufikiri kunasaidia nini. Akasema mshipa lazima uitwe. Basi nilikaa mlangoni nikiuita mkono wangu. Wadogo zetu walinihesabia. Wa mwisho alipenda kuruka namba ili tumalize mapema.

Nilipopata nguvu za kutembea nilikwenda malewa kuangalia. Bora nisingekwenda. Mdogo wangu alikuwa ameinama juu ya sufuria, mwembamba, miguu yote miwili juu ya miti, anasukuma mwiko kwa mwili mzima. Daftari lake la hesabu lilikuwa limebanwa kwenye ukuta wa bati. Alisoma mstari, akasukuma, akasoma tena.

"Mwalimu!" mpagazi mmoja aliita. Ndivyo walivyokuwa wanamwita. "Hii ni bugali ao ni hesabu ya kugawanya? Yangu iko na mabaki!"

"Kula mabaki, papa. Jibu utalipata mu tumbo."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nilicheka na mimi. Kisha nikaona viganja vyake. Malengelenge yalikuwa yamepasuka juu ya mengine ya zamani.

Walimu walituma neno kwamba nafasi yake inakaribia kupotea. Nilikwenda shuleni mimi mwenyewe, nimevaa kitenge kizuri. Mkuu wa shule alinipokea kwa heshima. Alifungua kitabu cha mahudhurio akanionyesha mstari wa mdogo wangu: alama nyekundu zimefuatana kama mchwa. Akasema hawezi kumpeleka kwenye mtihani mtoto ambaye hayuko darasani, wakaguzi hawatakubali. Ila kulikuwa na likizo ya Pasaka mbele. "Akirudi Jumatatu shule inapofunguliwa, na asikose tena hata siku moja, nitamwacha kwenye orodha. Mzazi asaini hapa kwamba ameelewa."

Alinisogezea kalamu. Niliitazama. Nilijaribu kuishika kwa kushoto, mstari ukatoka kama njia ya konokono. Akaniletea wino, nikaweka kidole gumba, mimi niliyekuwa nashinda wenzangu kwa mwandiko mzuri nilipokuwa shule. Alinipa karatasi ya kufutia kidole.

Nilikuwa na siku tisa za kuufanya mkono ukoroge.

Sikumwambia mdogo wangu yote. Nilimwambia, "Jumatatu unarudi masomo. Minye nitapika." Nilizidisha mazoezi kutoka mia mpaka mia tatu. Nilijaza chupa mchanga nikaifunga mkononi. Mtu wa kine aliniambia nguvu za bega na kiwiko zinarudi vizuri. Kiganja ndicho bado, na kukilazimisha hakutakiamsha. Nilimsikia, nikaendelea kukilazimisha.

Jumamosi ya mwisho tulikwenda malewa pamoja. Nilikuwa nimefikiri njia: nilichana kitambaa, nikaufunga mkono wangu kwenye mwiko, kutoka vidoleni mpaka nusu ya mkono, ukawa kitu kimoja na mti. Kiganja kisichoshika kingefungwa kishike. Mdogo wangu alitaka kukataa. Nikamwambia asimame kule.

Maji yalichemka. Nikamimina unga kwa kushoto, nikakanyaga miti, nikasukuma. Uji ulizunguka. Wapagazi wawili waliokuja mapema walisema, "Mama malewa amerudia!" Nikaongeza unga. Ulikaza. Bega lilisukuma, kiwiko kilisukuma, lakini pale kiganja kinapotakiwa kuubana mwiko na kuugeuza chini ya unga, hapakuwa na mtu. Mwiko ulijipinda ndani ya kitambaa, ukalala ubavuni. Nilisukuma tena, ukalala tena. Chini bugali ilianza kuungua. Sikuweza kuachia, maana nilikuwa nimefungwa. Nilibaki nimeinama juu ya mvuke, nimefungwa kwa kitu nisichoweza kukisukuma wala kukitupa, na nikaanza kulia kwa sauti mbele ya watu.

Mdogo wangu alikuja akafungua kitambaa kwa meno. Alinisogeza pembeni kwa kiuno, kama mtu anavyomsogeza mtoto karibu na moto, akapanda juu ya miti. Aliiokoa ya juu, ya chini tukaitupa. Mpagazi mmoja, yule wa shati, alikula yake yenye harufu ya moshi akasema ni tamu, na wote wakajua ni uongo.

Jumatatu asubuhi nilimwamsha mapema. Nilikuwa nimempangia sare yake juu ya kiti, shati jeupe na sketi ya bluu. Aliitazama, akaikunja vizuri, akairudisha sandukuni. Akachukua ndoo.

"Nitafunga malewa," nilimwambia. "Tule hewa, lakini uende."

"Na hawa?" Aliwaonyesha wadogo kwa kidevu. Walikuwa wanavaa za kwao, za shule ya msingi. "Nao wale hewa?"

Nilisimama mlangoni nikamwona akishuka njia ya bandari. Ningeweza kumkimbilia, miguu ilikuwa mizima. Nikimfikia ningemshika na nini, na nikimshika ningemwambia nini?

Kiganja changu kilinyanyuka wiki ya egzeta. Sisemi hivyo ili kupendezesha masimulizi. Ningependa kingekuwa kimenyanyuka mwezi mmoja kabla, au mmoja baadaye. Wanafunzi walikuwa wanapita barabarani kwa makundi, nami nilikuwa mlangoni nauita mkono kama kawaida, bila tumaini, na kidole cha kati kikaruka. Kisha kiganja kikapanda kidogo, urefu wa ukucha, kikaanguka. Mtu wa kine aliponiona alinipongeza kama aliyezaa. Nilimshukuru. Nyumbani sikumwambia mtu mpaka kesho yake.

Matokeo yalipotoka, mji ulijaa poda. Kwetu aliyepita humwagiwa poda nyeupe kichwani na usoni, na wenzake huimba njia nzima. Wenzake wa darasa walishuka mpaka malewa, wasichana sita, weupe mpaka kope. Walimkumbatia wakamchafua shati. Mmoja, rafiki yake wa benchi moja, alikuwa na kopo la poda. Kwa furaha aliinua mkono kummwagia, akakumbuka, mkono ukabaki juu.

"Mwaga tu," mdogo wangu alimwambia. "Kuna joto."

Walicheka. Yule hakumwaga. Aliweka kopo juu ya benchi, wakanunua samaki, wakala, wakaondoka wakiimba. Mdogo wangu alifuta benchi akaendelea kuosha sahani.

Jioni ile nilimwambia kwamba nina deni kwake. Alikasirika, mara ya kwanza mwaka ule. "Deni gani? Ni minye nilikuvunja mkono mara ya pili. Tumemalizana."

"Hatujamalizana. Weye ulikosea siku moja. Minye nilikula mwaka wako."

"Mwaka haulikwi, yaya. Lala."

Ninaandika haya kwa mkono wa kulia, polepole, mwandiko umelala. Shule zinafunguliwa baada ya majuma matatu. Mkuu wa shule amekubali arudie mwaka wa sita, na safari hii nilisaini kwa kalamu. Yeye anasema atarudi siku nitakapokoroga sufuria nzima bila kuuma meno, siyo mbele. Nimejaribu kumdanganya kwa kucheka nikiwa nakoroga. Anasimama nyuma yangu na kuangalia shingo yangu. Leo nilifikisha nusu ya sufuria. Unga ulipokaza kiganja kilianza kutetemeka, naye akauchukua mwiko bila kuniuliza, akamalizia. Mwaka wake bado uko kwangu.